Aliyeishika Mwisho

Tulimzika Kibet Jumamosi iliyopita huko Keringet, kwenye shamba la viazi alilolilima tangu alipotoka Nakuru, na nimerudi nyumbani na hasira ambayo haiteremki hata kwa chai. Watu wananiambia nitulie, ati marehemu ameshapumzika. Sawa, yeye amepumzika. Mimi sijapumzika. Sura hii nilikuwa nimeamua kuiruka. Nilitaka nitoke moja kwa moja shuleni niende hadi siku niliyofungua saluni yangu, niwasimulie mambo ya kusuka na ya wateja, tucheke kidogo, basi. Lakini baada ya yale niliyosikia kwenye hema la matanga siwezi kuandika kitu kingine kabla sijaandika hili: mwaka nilioishi mtaa wa Free Area, Nakuru, kwa Mama Nyambura, na mashine ya gemu ambayo haikuwa imeharibika.

Ploti ya Mama Nyambura ilikuwa na vyumba vilivyotazamana, bomba katikati, na kamba za nguo zilizokukata uso ukipita bila kuangalia. Mbele, upande wa barabara, kulikuwa na saluni nilipokuwa najifunza kusuka, na ukutani hapo hapo kulikuwa na chumba cha gemu. Ninasema ukutani, lakini ukuta wenyewe ulikuwa plaiwudi iliyobandikwa kalenda za miaka iliyopita. Kila bao lililofungwa upande wa pili tulilisikia. Mteja alikuwa anakaa chini ya draya na taulo kichwani halafu anauliza kwa sauti nani anaongoza, na kijana wa upande wa pili anamjibu. Chumba chenyewe kilikuwa na mabenchi, pazia jeusi la kuzuia jua, na harufu ya soksi na chipsi. TV mbili zilikuwa za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, na moja ilikuwa bapa, Mama aliinunua ikiwa imeshatumika, na hiyo ndiyo kila kijana aliigombania. Kibet ndiye aliyekishika chumba hicho. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kuongea kama anayepima maneno kwanza. Asubuhi alipangusa TV kwa kitambaa chenye unyevu, akazikunja nyaya na kuzifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili zisikanyagwe. Sijaona mtu mwingine akizishika nyaya za mtu mwingine kwa heshima kama ile.

Mchana tulikula pamoja nje ya saluni. Yeye aliletewa viazi kutoka kwao, vile vyekundu vya Keringet ambavyo vikichemka vinapasuka vyenyewe, na mimi nilikuwa na kabeji na jiko. Tulikula kwenye sufuria moja, na watu wa ploti walikuwa wameshatuoza bila kutuuliza. Hapana, hatukuwa hivyo. Alikuwa rafiki yangu, na sidhani nimepata mwingine wa aina yake. Alichokuwa anakiongea sana kwenye chakula ni shule. Mwaka huo kanisa letu lilikuwa limepata mfadhili wa kumsomesha kijana mmoja kozi ya umeme kwenye chuo cha ufundi mjini, kuanzia mwanzo mpaka amalize. Kamati ilikuwa inachagua, na kila mtu alijua ni Kibet. Ni yeye aliyetengeneza spika za kanisa, ni yeye aliyepanda kwenye dari wakati taa zilikataa. Mama Nyambura alikuwa kwenye kamati hiyo, na alikuwa anajigamba naye kwa watu: huyu ni kijana wangu, mtaona. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau haraka sana.

Mdogo wake Mama Nyambura, aliyekuwa anafanya kazi Nairobi, alijinunulia mashine mpya ya gemu, na ile aliyokuwa nayo akamtumia dada yake aongeze kwenye chumba. Kibet akatumwa mjini kuichukua kwenye ofisi ya vifurushi. Alirudi nayo ndani ya katoni iliyofungwa kwa gundi pande zote, ameikumbatia kama mtoto, na Mama mwenyewe ndiye aliyeifungua kwa kisu cha jikoni mbele yetu. Vijana walikuwa wamejaa hadi mlangoni, mimi nimeacha kichwa cha mteja nusu. Kibet akaichomeka kwenye ile TV bapa kwa waya wa HDMI. Taa ya mashine ikawaka kijani, feni yake ikaanza kuvuma vizuri tu. TV ikabaki nyeusi. Kisha kikatokea kisanduku kidogo katikati, kimeandikwa Mode Not Supported, kikakaa kidogo, kikapotea. Akachomoa, akachomeka tena. Yale yale. Akaipangusa ncha ya waya kwa shati. Yale yale. Vijana wakaanza kuguna, na Mama Nyambura, mikono kiunoni, akauliza swali ambalo nimelichukia tangu siku hiyo: "Nani aliishika mwisho?"

Kama umelelewa huku kwetu unalijua swali hilo. Kila sebule ina sheria hiyo. TV ikikataa hatuulizi imekuwaje, tunauliza nani aliigusa mwisho, na huyo ndiye ameiharibu. Redio, jiko la gesi, simu ya baba, yote ni hivyo hivyo. Tumelelewa kuogopa kushika rimoti ya wageni ili isije ikafia mkononi mwetu. Mama akapiga simu Nairobi hapo hapo, akamuuliza ndugu yake kama mashine ilikuwa inafanya kazi, na sauti ya ndugu yake sote tuliisikia ikisema alikuwa akiichezea hadi siku aliyoituma, haikuwa na neno. Alikuwa anasema kweli, simlaumu. Lakini kwa Mama hapo kesi ilikuwa imeisha. Ilitoka Nairobi ikiwa nzima, imefika Free Area ikiwa imekufa, na katikati kuna Kibet. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule ndugu alikuwa akiichezea kwa TV gani.

Na jibu lilikuwa hapo tu, wacha nikwambie. Picha inayotoka kwenye mashine ina saizi yake. Yule ndugu alikuwa na TV kubwa mpya, na aliiweka mashine itume picha ya 1080, kubwa kabisa. TV yetu bapa ilikuwa ya kizamani kidogo, mwisho wake 720. Mashine haina habari kwamba imehama nyumba, inaendelea kutuma kile ilichoambiwa. Ni kama kumpa mtoto wa miezi michache githeri ya mahindi na maharagwe: mtoto si mgonjwa, githeri haijaoza, ni vile tu hawezi kuila. TV ilikuwa inatuambia hivyo kwa maandishi. Ingekuwa hakuna kitu kinachotoka kwenye mashine, ingeandika No Signal, kama ilivyoandika kila waya ulipochomoka. Yenyewe ilikuwa inasema, kuna kitu nimepewa, siwezi. Kibet aliiona tofauti hiyo siku ile ile. Aliniambia tukiwa tunaosha sufuria: "Njeri, hii mashine inaongea. Ni TV haielewi." Shida ni kwamba ili ubadilishe saizi lazima uingie kwenye menyu, na ili uione menyu lazima uwe na picha. Na ule waya wa zamani wenye vichwa vya nyekundu, nyeupe na njano, ambao ungetuwezesha kujaribu TV nyingine, haukuwa ndani ya katoni.

Kesho yake Mama akamleta fundi wake kutoka mjini, mtu wa kutembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati ili zionekane. Aliiwasha mashine, akainamisha sikio akaisikiliza kama daktari, akaangalia ile taa ya kijani, akasema ndani kuna kitu kimetolewa. Kifaa cha kutoa picha. Ati vijana siku hizi wanavitoa wanaviuza, wanaacha feni na taa ili mwenyewe asijue. Hakuifungua. Nasema tena, hakuifungua. Juu ya skrubu ya nyuma kulikuwa na stika ya kiwandani, imekauka, imejaa vumbi la Nairobi, haijawahi kuguswa na mtu. Nilimwonyesha kwa kidole. Akanijibu kwamba stika zinauzwa hata kwa barabara. Mama Nyambura akatikisa kichwa polepole, na nikaona macho yake yakibanduka kwa Kibet, yakamwacha pale amesimama na kitambaa chake cha kupangusa. Kibet alisema tu, "Mama, sijatoa kitu." Hakurudia. Watu wakachukua hata huo upole wake kuwa ushahidi, kwamba mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Jumatano wamama wa kanisa walikunywa chai kwa Mama, na kwa sababu sebule yake ilikuwa na wageni wengine walikaa kwenye chumba cha gemu, kwenye mabenchi ya vijana. Mimi nilikuwa upande wa pili nikisuka, na plaiwudi ikafanya kazi yake. Nilisikia chapati zikigawanywa. Nilisikia mmoja akisifu majani ya chai. Kisha nikasikia Kibet akiliwa taratibu pamoja na zile chapati. Hakuna aliyetaja kabila. Tuna adabu zetu. Walisema tu, hawa vijana wa kutoka huko juu, huwezi kujua, na kila mmoja akajaza mwenyewe alichotaka. Mmoja akasema amemwona mjini akiongea na mtu karibu na ofisi ya vifurushi. Mtu gani? Mtu tu. Mwingine akauliza, na ile kozi ya umeme, mtamfundisha kufungua vitu vizuri zaidi? Wakacheka. Wacha nikiri hasira yangu: mteja wangu alipiga kelele kwa vile nilivyomvuta nywele. Walikuwa wanawake wazuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Walikuwa wametuletea uji tukiwa wagonjwa. Ila siku ile waliimaliza kazi ya maisha ya mtu kati ya kikombe cha kwanza na cha pili, na wakaondoka wakikumbatiana.

Jumapili baada ya kanisa tukaamua, mimi na yeye, kuipeleka mashine kwa Baba Ian. Huyu alikuwa jirani wa lango la mwisho, msimamizi kwenye shamba la maua Naivasha, na alikuwa ndiye mtu pekee wa mtaa wetu mwenye TV kubwa mpya. Nilimwomba Mama ruhusa mwenyewe. Alikuwa amechoka na kesi hiyo, akasema chukueni, itaharibika mara ngapi. Kwa Baba Ian viti vyote vilikuwa vimevaa vitambaa vya kufuma, na Mama Ian akatuletea chai na mandazi kabla hatujaeleza tulichokuja kufanya. Kibet hakugusa chai. Alipiga magoti kwenye zulia, akachomeka waya, akabonyeza. Taa ya kijani. Feni. Na picha ikaja, jamani, picha ikaja yote, safi, rangi za bluu zikipita ukutani kwa watu. Mama Ian akapiga makofi. Nilimwangalia Kibet nikitarajia acheke, lakini alikuwa ameweka mikono yote miwili usoni. Kisha akaifuta pua yake kwa mkono wa shati, akaingia kwenye menyu ya picha, akashusha 1080 ikawa 720, akazima. Tukaibeba kurudi tukitembea haraka, na yeye akawa anaongea bila kupima maneno, kuhusu chuo, kuhusu vile atakavyotandaza nyaya kwa nyumba ya mamake siku stima itakapofika kwao. Ni mara moja tu nilimsikia hivyo.

Mama Nyambura alikuwa amekaa nje akichambua mboga, na wamama wawili wa kamati walikuwa naye. Tukawaita ndani. Kibet akaichomeka kwenye ile ile TV bapa, na picha ikatokea. Mimi nikaanza kueleza kwa pupa habari ya saizi, ya TV ya Nairobi, ya Baba Ian, maneno yakigongana mdomoni. Mama alitazama picha kwa muda. Hakunitazama mimi. Alimtazama Kibet, kwa huruma kabisa, ile huruma ya kanisani, akasema: "Angalau umerudisha."

Sikuelewa. Nilidhani anasema tumerudisha mashine. Ni mmoja wa wale wamama aliyenifafanulia, akinishika bega: kijana alishikwa na woga, akatafuta njia ya kutoka nayo nje ya ploti, akakirudisha kile kifaa. Ni vizuri. Wengi hawarudishi. Nikasema nilikuwa naye kila hatua, sikubanduka. Wakatabasamu, wakaniambia mimi ni rafiki yake, inaeleweka. Nikasema muulizeni Baba Ian. Mama akasema hataki kuingiza majirani kwa mambo ya ndani, yameisha, tushukuru Mungu. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho shuleni hawafundishi. Mashine ikikataa, ni yeye. Mashine ikikubali, ni yeye. Hakukuwa na picha yoyote ambayo ile TV ingeweza kuonyesha, ya 720 wala ya 1080, ambayo ingemtoa Kibet kwenye shimo lile. Nilitoka nje kwa hasira, na nasikia baadaye walisema msichana wetu ameharibiwa na huyo kijana.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Hakuna aliyemshtaki. Mama Nyambura alisema tu kwamba pengine tungoje kwanza, akomae kidogo, na nafasi ikapewa kijana mwingine, ambaye sina neno naye. Kibet alikaa mpaka mwisho wa mwezi ili asionekane ametoroka. Alizikunja nyaya zote kama kawaida yake, akanipa lile gunia la viazi lililobaki, akarudi Keringet. Tuliongea kwa simu miaka yote, tukiuliza hali, mvua, watoto. Hilo la mashine hakulitaja hata mara moja. Lakini mke wake aliniambia juzi, tukiwa tunamenya viazi vya matanga, kwamba kulikuwa na kitu hakukielewa kwa mume wake. Wakienda kwa watu na TV ikatae, kila mtu akihangaika na nyaya, Kibet alikuwa anaweka mikono katikati ya magoti anaangalia sakafu. Ukimwomba asaidie anasema, wacha mwenyewe aguse. Na nyumbani kwake alikuwa anatengeneza kila kitu.

Mwaka juzi mashine ya kijana wangu ilifanya vile vile, tulipoihamisha kutoka sebuleni hadi chumbani kwake kwenye TV ndogo. Nyeusi. Kijana akachukua simu yake, akasoma, akabonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachilia mpaka mashine ikalia mara ya pili, na picha ikajiweka saizi ndogo yenyewe. Kazi ya kuvuta pumzi na kuitoa. Akaendelea kucheza. Mimi nilikaa kwenye kitanda chake nikalia kwa hasira, naye akadhani nimeumwa. Maisha ya mtu yaligeuzwa kwa sababu ya kitufe ambacho hakuna aliyetuambia tukishikilie, na hata kingeshikiliwa, wangesema amekishikilia kwa sababu anajua alichotoa.

Basi Jumamosi. Waimbaji walimaliza, shemeji wakaongea, na mwongozaji akaita watu wa Nakuru wasalimie. Mama Nyambura alikuja na basi la kanisa. Amezeeka, anatembea na fimbo, na kitambaa cha wamama kichwani. Alisaidiwa kufika mbele, akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Alisema Kibet aliishi kwake kama mtoto wake. Alisema alikuwa mtu wa kazi. Halafu akasema: "Kulitokea jambo fulani, ujana ni ujana. Lakini mimi nilimsamehe kitambo, mbele ya Mungu, na leo nataka familia ijue alikuwa amesamehewa." Hema lote likasema amina. Nadhani alikuwa anamaanisha mema. Nadhani alikuwa amelibeba hilo kutoka Nakuru kama zawadi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya familia. Faith, binti wa kwanza wa Kibet, ambaye anakaribia kumaliza shule ya msingi, alikuwa ameshika picha ya baba yake magotini. Aligeuka akanitazama, kwa sababu alijua nilikuwa rafiki wa baba yake wa zamani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Auntie, Baba alikuwa amefanya nini?"

Mama yake naye aligeuka. Na mama ya Kibet, mzee wa watu, asiyejua Kiswahili kingi, akamshika mjukuu wake mkono akiuliza kwa lugha yao nini kimesemwa, na nikaona Faith akishindwa kumtafsiria. Niliinuka. Mwongozaji alikuwa ameshaanza kuwaita wabeba jeneza. Nikamwomba maikrofoni, akasita, akaniambia iwe kwa ufupi, mvua inakuja. Nikamwambia itakuwa kwa ufupi. Sikumtazama Mama Nyambura. Nilimtafuta yule mtoto, nikangoja mpaka akaniinulia uso.

"Faith, baba yako hakusamehewa kitu. Hakuna alichochukua. Mashine waliyosema ameiharibu ilikuwa nzima siku aliyoileta, na nilikuwa naye."

Hakuna aliyesema amina. Nikarudia tena kwa sauti zaidi, kwa sababu upepo ulikuwa mwingi, na nilitaka hata waliosimama nje ya hema wasikie.